Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wagonjwa wa Guillain-Barré wanaweza kutibiwa kwa njia iliyo ndani ya uwezo wetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
na Uongozi wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama.

YAH: OMBI LA KUFANYIKA JARIBIO LA KUBADILISHA PLAZMA KWA MIKONO KATIKA HOSPITALI ZA RUFAA ZA KANDA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na kwa miaka 18 nimefanya kazi katika hospitali za mikoa tofauti ya nchi yetu, Tanzania. Kila asubuhi, nikiwa na mgonjwa ambaye miguu yake imelegea ghafla bila ajali wala kiharusi, humwomba avute pumzi moja kubwa kisha ahesabu kwa sauti mpaka pumzi imwishie. Mtu mzima mwenye afya hupita 30 bila taabu. Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na umri wa miaka 31, alifika 27 siku aliyolazwa, kesho yake 19, na siku ya tatu 11. Usiku wa siku hiyo ya tatu alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia, akiwa na akili timamu, akisikia kila neno tulilosema, na asiweze hata kufumba macho yake sawasawa.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameharisha kwa siku tatu, akapona, akarudi darasani. Kisha vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, ganzi ikapanda magotini, na nguvu zikamwishia. Ndugu zake walimpeleka kwanza kwa mganga, nami siwalaumu, kwa sababu udhaifu unaopanda kutoka nyayoni hadi kifuani bila homa wala jeraha humtisha yeyote ambaye hajawahi kuuona. Walipofika kwetu, daktari aliwaeleza ukweli: ugonjwa ni Guillain-Barré, dawa ipo, inaitwa imunoglobulini, hapa hospitalini haipo, na dozi ya mtu wa kilo 60 ni gramu 120 za protini inayotolewa katika plazma, yaani majimaji ya damu, ya maelfu ya wachangiaji wa nchi za mbali. Baba wa mgonjwa aliuliza bei, akanyamaza, kisha akauliza kama ng'ombe saba wangetosha. Hawakutosha.

Mwalimu yule alitoka hospitalini akiwa hai baada ya siku 40 za mashine, na ilimchukua miezi 14 kuweza kutembea kwa fimbo. Chaki hawezi kuishika mpaka leo. Mwingine niliyemhudumia, mama wa watoto wawili, alifika siku ambayo mashine zote za kupumulia zilikuwa na wagonjwa, na hakuvuka usiku ule. Nawaandikia kwa ajili ya hao wawili, na kwa ajili ya wale watakaolazwa mwezi huu na mwezi ujao.

Ugonjwa huu umepewa jina la madaktari wa Kifaransa Georges Guillain na Jean-Alexandre Barré, walioueleza mwaka 1916 pamoja na mwenzao André Strohl. Huwapata kati ya mtu 1 na 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kama kiwango hicho kinatuhusu na sisi, nchi ambayo sensa ya 2022 iliihesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 61 ina wagonjwa wapya kati ya 600 na 1,200 kila mwaka. Wengi wao ni watu wazima wenye nguvu za kufanya kazi, ambao juma moja kabla walikuwa shambani, sokoni au kwenye usukani.

Kinachowaangusha ni kinga yao wenyewe, wala si kidudu kinachoshambulia mishipa ya fahamu moja kwa moja. Bakteria anayeitwa Campylobacter jejuni, ambaye huingia mwilini kupitia nyama ya kuku isiyoiva vizuri, maziwa yasiyochemshwa au maji machafu, amevikwa gamba la sukari na mafuta linalofanana mno na vitu vilivyo juu ya mishipa yetu ya fahamu. Mwili hutengeneza kingamwili za kumpiga bakteria huyo, na kwa watu wachache kingamwili hizo hushindwa kutofautisha adui na mwenyeji. Mwaka 1990 Nobuhiro Yuki na wenzake nchini Japani waliwaeleza wagonjwa waliopooza baada ya kuharishwa na bakteria huyu, ambao damu yao ilikuwa na kingamwili za aina hiyo. Miaka hiyohiyo, watafiti wa Kichina na Kimarekani walikuwa wakichunguza watoto wa vijijini kaskazini mwa China waliokuwa wakipooza kila majira ya joto, nao wakabaini kwamba kwa wengi wao shambulio lilikuwa kwenye uzi wenyewe wa mshipa, si kwenye ala ya mafuta inayouzunguka.

Naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua maisha ya mgonjwa baada ya kutoka wodini, na ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ala ikiharibiwa huku uzi ukiwa mzima, seli zinazoitengeneza hurudi kuifunika katika majuma au miezi michache, na mgonjwa anaweza kuinuka haraka kuliko ndugu zake walivyotarajia. Uzi wenyewe ukikatika, hali huwa nyingine kabisa. Mshipa wa fahamu hukua upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na kutoka kwenye uti wa mgongo hadi unyayoni kwa mtu mzima ni karibu mita 1. Hesabu hiyo inatupa karibu siku 1,000, na wakati wote huo msuli unaosubiri unazidi kusinyaa. Ndiyo maana mgonjwa wangu anaweza kupata paja kabla ya goti, na goti kabla ya kifundo, na wengine kifundo hakirudi kamwe. Hata katika nchi ambazo kila mgonjwa hupata dawa, karibu mmoja kati ya watano bado hawezi kutembea bila msaada miezi sita baada ya kuugua.

Kila siku ambayo kingamwili hizo zinaendelea kuzunguka katika damu ni siku ya kuongeza nyuzi zilizokatika. Tiba kwa hiyo ina kazi moja katika majuma mawili ya kwanza, nayo ni kuzizima au kuzitoa. Mazoezi yangu, hata niyafanye kwa ustadi wa namna gani, huja baadaye kujenga juu ya kile kilichosalimika.

Kuzitoa ndiko kulikotangulia kuthibitishwa. Mwaka 1985 jaribio la wagonjwa 245 huko Amerika Kaskazini lilionyesha kwamba kuitoa plazma ya mgonjwa, yaani yale majimaji ya manjano ya damu yanayobeba kingamwili, na kumrudishia seli zake za damu pamoja na majimaji mengine, humrudisha kwenye miguu yake mapema. Mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi wakaonyesha kwamba imunoglobulini ya mishipani inafaa vilevile, na kwa kuwa ni rahisi zaidi kumpa mgonjwa, nchi tajiri zikaielekea. Mwaka 1997 Wafaransa wakaongeza jambo ambalo kwetu lina uzito mkubwa. Kwa mgonjwa wa hali ya wastani kubadilishiwa plazma mara nne kulikuwa bora kuliko mara mbili, kwa mwenye dalili nyepesi hata mara mbili kulikuwa bora kuliko kutofanyiwa kabisa, na kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia mara sita hakukuzidi mara nne. Kwa maneno mengine, hata kiasi kidogo kina faida, na kuna kikomo ambacho kuzidisha hakuongezi kitu.

Sisi tumebaki na nini? Mashine za kuchuja plazma ni chache, na vichujio vyake, ambavyo hutumika mara moja na kutupwa, hununuliwa kwa fedha za kigeni. Imunoglobulini kwa mtu mzima mmoja hugharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani. Katika pengo hilo, waheshimiwa, wagonjwa wetu wengi hupewa prednisolone, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hupewa kwa huruma, na daktari anayeiandika hana kingine mkononi, lakini majaribio yamefanyika tangu mwaka 1978, likiwemo kubwa la wagonjwa 242 lililotoka mwaka 1993, na dawa za jamii hiyo hazikuonyesha faida kwa ugonjwa huu. Ningefurahi kuona mwongozo wa matibabu wa taifa ukilisema hilo waziwazi, ili mgonjwa asipandishiwe sukari na shinikizo la damu bila faida yoyote.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kazi ya Dkt. Badrul Islam na wenzake wa icddr,b, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya kuhara iliyoko Dhaka, Bangladesh. Wagonjwa wao ni kama wetu: huharishwa, hupooza, na wengi hawana fedha za dawa. Vifo katika wagonjwa wao vilikuwa vimepita asilimia 10, mara mbili au zaidi ya vile vinavyoonekana Ulaya. Wao hawakukaa kungoja bei ishuke. Walijiuliza kama kuna ulazima wa mashine ili kutenganisha plazma na seli, wakati damu yoyote ikiachwa itulie hujitenga yenyewe, jambo ambalo kila fundi wa maabara analiona anapopima kasi ya chembe kushuka. Njia yao inakwenda hivi: damu huchotwa kupitia mrija uliowekwa katika mshipa mkubwa, huingia kwenye mfuko wa kawaida wa damu, mfuko hutundikwa kando ya kitanda kwa muda wa saa kadhaa, seli nyekundu hushuka chini kwa uzito wake, hurudishwa kwa mgonjwa, na plazma iliyobaki juu hutupwa. Mgonjwa hufidiwa kwa plazma salama iliyogandishwa na maji ya mishipani. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa siku kwa siku 8, na lengo ni kutoa angalau lita 8 za plazma. Gharama yake yote ilikuwa kadiri ya dola 500.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Walikuwa wagonjwa 20 tu, wote watu wazima wasioweza kutembea bila msaada, na swali lililoulizwa lilikuwa kama njia hii ni salama na inatekelezeka. Jibu lilikuwa ndiyo. Sitaki kuwaambia zaidi ya hapo, kwa sababu wagonjwa 20 hawatoshi kuthibitisha kwamba njia hii inaponya sawa na mashine, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Mrija katika mshipa mkubwa unaweza kuingiza vijidudu au kugandisha damu. Shinikizo la damu la mgonjwa wa Guillain-Barré hupanda na kushuka bila taarifa, na kuichota damu yake kunahitaji muuguzi asiyeondoka kitandani. Plazma inayorudishwa ni lazima iwe imepimwa. Haya yote nayajua, na ndiyo sababu siombi njia hii itangazwe kesho katika kila hospitali ya wilaya. Ninachoomba ni ipimwe hapa kwetu, kwa utaratibu, chini ya usimamizi wa watafiti wetu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kwa kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, katika hospitali mbili au tatu za rufaa zenye chumba cha wagonjwa mahututi.

Kuna wakati tuliwahi kupokea jambo kutoka taasisi hiyohiyo bila kusita. Maji ya chumvi na sukari ambayo kila zahanati yetu humpa mtoto anayeharisha, zile pakiti za ORS ambazo hata bibi wa kijijini anajua kuzikoroga, yalipimwa kwa wagonjwa wa kipindupindu mwaka 1968 katika maabara ya Dhaka ambayo leo ndiyo icddr,b. Wakati ule nako tiba ya kawaida ilikuwa dripu, na dripu hazikuwatosha wagonjwa.

Kwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama nina neno la pekee. Ninyi mnapima kila chupa ya damu kwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na vituo vyenu vya kanda vinajua kuitenganisha damu. Mifuko inayohitajika katika njia ya Dhaka ni ileile mnayoitumia kila siku, na mgonjwa mmoja atahitaji plazma kwa siku nane mfululizo. Najua kwamba wachangiaji ni wachache hasa shule zikifungwa, na kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kuambiwa asubiri. Lakini mama huyo mara nyingi huhitaji kwanza seli nyekundu, wakati mgonjwa wangu anahitaji plazma, na chupa moja ikitenganishwa vizuri inaweza kuwahudumia wote wawili. Ninaomba mtueleze ni kiasi gani cha plazma kinaweza kutengwa kwa jaribio hili bila kumnyima mtu mwingine, kwa sababu jibu hilo mnalo ninyi peke yenu.

Kuhusu watoto sitasema mengi. Njia hii ilijaribiwa kwa watu wazima, na siombi mtoto aanzwe nayo. Dozi ya imunoglobulini hufuata uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 anahitaji robo ya ile ya mtu mzima wa kilo 60, na akiba ndogo ya Bohari ya Dawa iliyowekwa katika kanda ingeweza kuwafikia watoto wachache kila mwaka kwa gharama inayobebeka.

Tena watoto hao tayari tunawajua. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayepata ulemavu wa ghafla wa viungo kulegea hutolewa taarifa, na sampuli zake mbili za choo huchukuliwa na kupelekwa maabara kutafuta virusi vya polio. Utaratibu huo umejengwa kwa jasho la miaka mingi, na tuliona thamani yake mwaka 2022 virusi vya polio vilipogunduliwa kwa jirani zetu Malawi na kampeni za chanjo zikaanza kwetu mara moja. Guillain-Barré ni miongoni mwa sababu kuu za ulemavu wa namna hiyo pale polio inapokosekana. Hata hivyo, nimeshuhudia zaidi ya mara moja majibu ya choo yakirudi bila polio, faili likafungwa, na mtoto akarudishwa kijijini akiwa hajakaa wala hajasimama, kwa kuwa kwenye fomu alikuwa amekwisha kuhesabiwa vizuri. Ninaomba fomu ileile iongezewe mstari mmoja wa utambuzi wa mwisho na mmoja wa rufaa ya tiba ya viungo, na watu wazima nao waanze kuorodheshwa katika hospitali za kanda. Bila orodha hiyo jaribio lolote litakosa wagonjwa huku wagonjwa wenyewe wapo.

Lipo jambo jingine ambalo wizara itakutana nalo mapema au baadaye. Dawa mpya inayozuia hatua ya mwanzo ya mnyororo wa kinga unaotoboa mishipa ya fahamu imejaribiwa Bangladesh na Ufilipino, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2024. Ilijaribiwa huko kwa sababu, kati ya nyingine, ni mahali ambapo wagonjwa wengi hawapati imunoglobulini, hivyo inawezekana kulinganisha dawa na kutokuwa na dawa. Kampuni yoyote ikija kutuomba tufanye jaribio la namna hiyo, naomba sharti la kwanza liwe kwamba wagonjwa wetu wataipata dawa hiyo ikithibitika, kwa bei ambayo bima yetu inaweza kuilipa. Umaskini wa mgonjwa usiwe ndiyo sifa yake pekee ya kuingia katika utafiti.

Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, mafao yake yatapangwa na kupangwa tena, na kila tiba itaulizwa bei yake. Tiba ya dola 500 inaweza kuingia katika mafao hayo. Ya dola 12,000 haitaingia, na kila mtu aliye katika chumba cha kikao atajua kwamba haitaingia. Ndiyo maana nasisitiza jaribio lianze mapema, ili siku hiyo ikifika tuwe na takwimu za wagonjwa wetu wenyewe. Ninaomba vilevile kwamba mafao yahesabu miezi ya mazoezi, viunga vya kifundo na fimbo, maana mgonjwa aliyenusurika wodini akiachwa nyumbani bila kunyooshwa viungo, misuli yake hukakamaa kabla mshipa haujafika.

Nimeweka daftari la hesabu za pumzi za wagonjwa niliowahudumia, bila majina yao, likionyesha kila mmoja alifika ngapi siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, alipewa tiba gani, na alianza kutembea lini kama alitembea. Si utafiti, lakini linaweza kumsaidia mtafiti atakayepanga jaribio kujua wagonjwa wetu hufika hospitalini siku ya ngapi na wakiwa katika hali gani. Niko tayari kulileta ofisini kwenu Mtumba siku yoyote mtakayonipangia, na kulieleza ukurasa kwa ukurasa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa tiba ya viungo,
Tanzania